Mwaka ulioandikwa ukutani sio mwaka shule ilipoanza

Kwenye ukuta wa shule niliyosoma, pembezoni mwa Dar es Salaam, mbele ya Pugu, kuna mwaka umepakwa kwa rangi ya bluu: 1974. Kila mahafali mgeni rasmi huusoma kwa sauti na kuishukuru serikali kwa kutujengea shule. Wazee wa viti vya nyuma huguna tu. Wapo waliosoma pale kabla ya huo mwaka, na mmoja wao fito za ukuta wa kwanza alizikata mwenyewe.

Maneno mengi tunayorithishana kuhusu shule za vijijini yana kasoro hiyohiyo: tarehe ya karatasi tunaigeuza kuwa tarehe ya kuzaliwa.

"Dar ni mji, shule za kijijini ziko mikoani." Sensa ya 1967 ilikuta watu 272,821 mjini. Ya 2022 imehesabu 5,383,728 mkoa mzima. Hawa wa nyongeza wamejenga kwenye mikorosho na minazi ya Wazaramo. Mbagala, Bunju, Msongola, Kimbiji vilikuwa vijiji, na mtoto wa huko hakuwa na tofauti yoyote na mwenzake wa Kisarawe.

"Kabla ya Mzungu hapakuwa na shule." Hapa neno lenyewe linatupoteza. Shule ni Kijerumani. Tumelipata kwa wakoloni wa kwanza. Kabla yao watoto wa pwani walikwenda chuoni. Ndiyo, chuo, neno ambalo siku hizi tumelipandisha cheo hadi Chuo Kikuu, kule Mlimani. Mwalimu alikaa barazani kwake, mtoto na ubao wake, kalamu ya utete, wino wa masizi. Somo lilikuwa Kurani, lakini herufi ni herufi: aliyezijua aliandika barua, madeni na tenzi kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Wajerumani wenyewe mwanzoni walipowaandikia wakubwa wa pwani walitumia hati hiyohiyo. Baadaye serikali ikawa inahesabu herufi za Kirumi tu, na mzee aliyesoma na kuandika maisha yake yote akaamka siku moja anaambiwa hajasoma.

Wapo pia wanaodhani misheni za kwanza zilikuwa shule za vijiji. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, Wabenediktini wakafika Pugu 1888 na kituo chao kikachomwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Wanafunzi wa mwanzo wa vituo kama hivyo wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto wa kijiji cha jirani alikuwa bado yuko kwao, anafukuza ndege shambani.

Tuje kwenye uzushi mkubwa: "Serikali ndiyo iliyojenga." Sheria ya elimu ya 1927 ya Waingereza iliweka utaratibu wa kusajili shule na kuzipa ruzuku zile zilizotimiza masharti. Zilizobaki nje ziliitwa shule za porini, na zilikuwa nyingi mno kuliko zenye ruzuku. Ujenzi wake ulikuwa msaragambo. Wanaume wanaleta miti na fito, wanawake wanachota maji na kukanyaga udongo, makuti yanaezekwa kabla ya masika, magogo mawili matatu yanakuwa madawati. Mwalimu ni kijana aliyeishia darasa la nne, malipo yake shilingi chache, na zikikosekana, mpunga au kuku.

Kwa nini aliishia la nne? Kwa sababu pale palikuwa na chujio. Miaka ya 1950 mtoto alisoma madarasa manne, akafanya mtihani, na wachache tu ndio waliopata nafasi ya kuendelea shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Wazazi walichoka. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na mwaka uliofuata kikaundwa chama cha wazazi, TAPA, kilichoanzisha shule zake bila kungoja ruhusa ya bwana elimu, ofisa wa elimu wa serikali. Wakoloni waliziangalia kwa jicho la pembeni, na nikisema ukweli, hata serikali yetu baada ya Uhuru haikuridhishwa sana na ufundishaji wake. Nyingine zilikufa, nyingine zikachukuliwa na serikali. TAPA ndiyo baadaye ikawa Jumuiya ya Wazazi ya CCM. Kwa hiyo mwaka ulio ukutani mara nyingi ni mwaka wa usajili, au mwaka tofali lilipochukua nafasi ya udongo.

"Shamba la shule alilileta Nyerere." Sera yake ya Elimu ya Kujitegemea ni ya 1967, lakini jembe lilikuwa shuleni tangu enzi za Waingereza. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, iliyopita nchini 1924 akiwemo mwalimu Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo, ilisisitiza elimu ifanane na maisha ya kijijini. Wazazi wengi hawakupenda: mtoto amepelekwa shule ili aliache jembe, kumbe linamsubiri hukohuko.

"Elimu bure ilikuja na Uhuru." Hapana. Kilichotangulia ni kufuta ubaguzi wa rangi shuleni, 1962. Ada ya msingi iliondolewa 1973, Azimio la Musoma la kila mtoto asome likafuata 1974, na UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ikaanza 1977. Ada ikarudi miaka ya 1980, ikafutwa tena 2001. Utani kwamba UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu" tuliucheka wote, ila wale vijana wa darasa la saba waliofanywa walimu walijifunza kazi huku wakiifanya, na darasa lao bila wao lingekuwa halina mtu mbele.

Nilimfuata yule mzee wa fito baada ya mahafali. Akanipeleka kijiwe cha bodaboda, kwenye mwembe uliokuwa ukining'iniza kengele yao, rimu ya lori. Rimu haipo tena. Waya wake umemezwa na gome, kinachotokeza ni kipande cha inchi mbili. Akanishika mkono nikiguse. Mwaka hakuukumbuka. Alichokumbuka ni kwamba lori lilibeba korosho, na lilipinduka.