Je, altrasaundi inakataje jino? Maswali na majibu

Altrasaundi si ile ya kupimia wajawazito?
Asili ni moja, sauti ya juu isiyosikika na binadamu; kazi ni mbali kabisa. Kwa mjamzito mawimbi hupenya mwilini na kurudi yakileta picha. Kwenye kifaa cha meno, kinachotetemeka ni ncha ya chuma, mara 25,000 na zaidi kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia kama 20,000. Ncha husogea kidogo mno, jicho halioni.

Kwa hiyo mtetemo ndio unaokata?
Peke yake haufiki mbali. Dentini, tabaka lililo chini ya enameli (ganda gumu la nje la jino), kwa uzito ni madini kama asilimia 70. Iliyobaki ni kolajeni na maji. Kinachoila ni punje za almasi zilizogandishwa kwenye ncha, kila mtetemo ukikwangua chembe. Miaka ya 1950 madaktari walipitisha rojo la unga wa oksidi ya alumini kati ya ncha na jino, ncha ikazigonga punje hizo. Kazi ilikwenda polepole, na rojo lilimziba daktari asione anachochimba. Keekee ya kasi inayoendeshwa kwa hewa ilipoingia sokoni 1957, altrasaundi ikawekwa kando kwa kazi hiyo.

Mbona bado inatumika?
Kwa sababu ya upole uleule. Gego la kwanza la taya la juu mara nyingi lina mfereji wa nne wa mzizi, mwembamba, uliojificha chini ya dentini. Kichwa cha keekee humziba daktari asiuone. Ncha nyembamba ya altrasaundi humwezesha kukwangua kidogo kidogo huku akitazama kwa hadubini. Hapo, kwa maoni yangu, haina mpinzani.

Na maji yale yote?
Watu hudhani ndiyo yanayokata. Hapana: yanaosha vumbi na, muhimu zaidi, yanapoza. Msuguano huzaa joto, nalo hupenya hadi kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu. Katika majaribio ya nyani yaliyochapishwa 1965, kiini kilipopanda joto kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, baadhi ya meno hayakupona. Mwenye ganzi hahisi joto hilo, kwa hiyo ulinzi wote uko mikononi mwa daktari.

Kusafishwa meno kwa mashine hii kunayamaliza?
Ncha ya kuondolea ugaga kwa kawaida haina almasi, na enameli ni ngumu. Tahadhari ni kwenye mzizi ulioachwa wazi na fizi: ncha ikikandamizwa hukwangua. Na kama umewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwambie daktari kabla hajawasha mashine.