Je, wajua kwa nini kwaya ya Kigogo hukwaruzana na kinanda?

Kwaya ya kijijini Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, inaanza pambio la Kigogo kwa sauti tupu, na linapendeza. Kwenye ubeti wa pili mpiga kinanda anaingia, na papo hapo sauti zinaanza kukwaruzana. Hukumu haichelewi: waimbaji wameshusha noti. Mwalimu anawapa noti upya, wanaishika. Kinanda kikinyamaza wanarudi pale pale walipokuwa.

Hukumu hiyo imesimama juu ya kosa ambalo wengi tuliofundishwa kwa solfa, yaani noti za do re mi, tumelibeba miaka mingi: kwamba kuimba kwa sauti mbalimbali kuliletwa na wamisionari. Kwa maelezo hayo, kabla CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, haijafika Mpwapwa miaka ya 1870 Wagogo waliimba sauti moja, kisha wakafundishwa soprano, alto, tena na besi. Basi wakitofautiana na kitabu, ni kwa kuwa somo halijawakolea.

Si kweli hata kidogo. Nyimbo za nindo na msunyunho, nyimbo za asili za Wagogo ambazo hazikutoka kanisani, huimbwa kwa sauti kadhaa zinazokwenda pamoja, kila moja mahali pake. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyerekodi muziki wa Tanganyika mapema miaka ya 1960, alichambua sauti hizo na kukuta mpangilio wenye kanuni zake, tofauti na za tenzi za Ulaya. Wamisionari walileta utaratibu mwingine wa kupanga sauti. Kupanga sauti kwenyewe kulikuwapo tayari.

Kuna kosa la pili, dogo lakini gumu kung'oka. Wengi wanajua kwamba nyimbo nyingi za asili nchini hutumia noti tano, do re mi so la, basi wanadhani za Kigogo ni hizo hizo. Kwenye nyimbo za Kigogo la haimo, na fa haimo. Mahali pa la ipo noti ambayo solfa huiandika ta, yaani ti iliyoshushwa. Mwalimu anayeandika wimbo wa Kigogo akaweka la penye ta ameubadilisha wimbo kabla hata haujaimbwa.

Ta hiyo inatoka wapi? Mfikirie mtoto anayezungusha kamba ya kuruka. Akizungusha polepole, kamba inafanya tumbo moja. Akiongeza kasi ipasavyo yanatokea matumbo mawili, kisha matatu. Waya wa ndono, ule upinde wa muziki wenye kibuyu, hufanya yote hayo kwa wakati mmoja. Waya wote ukitikisika mara 100 kwa sekunde, nusu zake zinatikisika mara 200, theluthi mara 300, na kuendelea. Sikio linasikia noti moja nene, lakini ndani yake kuna ngazi nzima. Vipandio vya 4 hadi 10, yaani 400, 500, 600, 700, 800, 900 na 1000, kwa solfa ni do, mi, so, ta, do ya juu, re na mi. Hiyo ndiyo ngazi ya Wagogo kama Kubik alivyoieleza.

Unaweza kuisikia mwenyewe. Chambua uzi mmoja kutoka kwenye kebo ya breki ya baiskeli, uukaze juu ya ubao, na uweke vijiti viwili chini yake vilivyoachana sentimita 60. Gusa waya kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, uudonoe, kisha uondoe kidole mara moja. Ukipima kutoka kijiti kimoja, do iko sentimita 15, mi 12, so 10, ta 8.6, na do ya juu 7.5. Ukikandamiza utapata noti nyingine kabisa, kwa sababu umeufupisha waya. Ukigusa kwa kidole bapa hutasikia kitu. Kwa ta, donoa karibu na mwisho wa waya, kama sentimita 4 kutoka kwenye kijiti. Ukidonoa penye kituo cha noti hiyo, yaani pale ambapo waya hautikisiki kwa noti hiyo, kwa mfano sentimita 17 kutoka upande wowote, inanyamaza. Waya wenye kutu hutoa noti za uongo, kwa kuwa unene wake haulingani kote.

Kupanga sauti sasa ni jambo jepesi: sauti ya juu huruka kipandio kimoja. Wa chini akiimba do, wa juu yuko so. Mi hupata ta, so hupata do ya juu, ta hupata re, do ya juu hupata mi. Zinapanda na kushuka pamoja, jambo ambalo vitabu vya sauti nne hulikataza kwenye tano kamili (jozi kama do na so) zinazofuatana.

Jozi ya kusikiliza kwa makini ni mi na ta. Mafundisho ya Ulaya huihesabu miongoni mwa jozi kali kuliko zote, lakini Wagogo hutua juu yake bila wasiwasi. Fikiria wanawake wawili wanaotwanga uwele kwenye kinu kimoja. Mmoja akipiga mara 5 wakati mwenzake anapiga 7, michi yao hugonga pamoja kila mzunguko ukitimia, na masikio hushika mpigo huo wa pamoja. Mi ya 500 na ta ya 700 hukutana hivyo hivyo mara 100 kwa sekunde, na 100 ndiyo noti ya waya mzima. Jozi inaegemea msingi ambao hakuna anayeuimba.

Kinanda hakitwangi hivyo. Kimegawa oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu, sehemu 12 zilizo sawa. Ukianza na do ya 400, mi yake ni 504, so 599, ta 713 na re 898. Kwenye so na re tofauti ni ndogo. Kwenye mi kuna mitetemo 4 kwa sekunde, ambayo sikio huivumilia. Kwenye ta ni 13 kwa sekunde, na huo ndio mkwaruzo wenyewe. Waimbaji wako 700. Aliyepanda ni kinanda.

Tahadhari inahitajika. Koo si waya, na hakuna kwaya inayosimama 700 kamili kila mara. Ta hupanda na kushuka kidogo kufuata maneno na mwendo wa wimbo. Kubik pia aliunganisha ngazi hii na majirani wa kale, wakiwamo Wasandawe. Ni wazo la kuvutia, lakini ushahidi wake ni mwembamba, maana sauti haziachi masalia ardhini.

Maswali ya namna hii yamepata nguvu kwa kuwa wanazuoni wa muziki wa ibada hawaishii tena kwenye kitabu cha tenzi. Padre Stephen Mbunga aliandika juu ya muziki wa Kibantu na sheria ya Kanisa mwaka 1963, Gregory Barz akatoa utafiti wake wa kwaya za Tanzania mwaka 2003, na kuanzia 2011 watafiti wa muziki wa ibada ya Kikristo kutoka nchi mbalimbali wamekutana Cuddesdon, karibu na Oxford, kujadili kile ambacho waumini wanakiimba kweli.

Kwa mwalimu wa kwaya, njia salama ni kutoa do peke yake na kuacha wengine waruke kipandio kwa masikio. Kinanda kikilazimika kuwapo, kishike do na so tu. Kama ni cha umeme na kina sehemu ya kurekebisha noti moja moja kwa senti (nusu-toni moja ni senti 100), shusha ta senti 31 na mi 14, pandisha re 4 na so 2. Ukihamisha do, panga upya. Na kabla ya tenzi inayofuata zirudishe noti zote kwenye sifuri, la sivyo safari hii kitakachokwaruza ni tenzi.