Mikoko: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Maji yakikupwa kwenye msitu wa mikoko pale Gazi, kusini ya Mombasa, kinachokupokea kwanza ni harufu ya tope. Wageni wengi huziba pua, husema "hapa ni pachafu", wakarudi walikotoka. Neno hilo linaniuma kila ninapolisikia, maana ndilo huzaa maneno mengine yote: pakiitwa pachafu, kesho ataitwa mtu apasafishe, apafukie kifusi, apajenge.

Ile harufu si uchafu. Ni tope lisilopitisha hewa. Majani na mizizi ikizikwa humo huoza polepole mno, na sehemu kubwa hubaki ardhini kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana kaboni nyingi ya msitu wa mikoko haiko kwenye miti unayoiona, iko chini ya nyayo zako. Anayesema "tukate tu, tutapanda mingine" anahesabu vigogo na kusahau ghala. Tope likifukuliwa na kupigwa na hewa, kilichotunzwa miaka yote hiyo huanza kuoza upya na kupaa angani, na mche wa leo hauwezi kukirudisha katika maisha yetu.

Lingine: "Mkoko ni mti wa chumvi, haujali mto." Chuma jani la mchu, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko, asubuhi, ulilambe upande wa juu. Utaonja chumvi, wakati mwingine utaiona kabisa imeganda kama vumbi jeupe. Mti huo unaitoa kwa sababu hauihitaji. Mti mwingine wa jamii hiyo, ule unaoitwa mkoko hasa, huizuia mizizini isiingie. Miti hii inavumilia chumvi, haiishi kwa chumvi, na hunawiri zaidi pale maji baridi ya mto yanapochanganyika na ya bahari. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa namna ile kwa kuwa ina mto mkubwa. Mahali ambapo maji baridi hayafiki, utakuta mchu mzima wenye umri wake umedumaa, hauzidi kimo cha mtoto. Kwa hiyo anayeuziba mto bara anaigusa mikoko, hata kama hajawahi kuiona bahari.

Vilevile anayelima mteremko bila kuzuia udongo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi hadi kwenye hori la Mwache, Mombasa, likaifunika mizizi ya kupumulia, ile inayochomoza ardhini kama penseli. Miti ikakosa pumzi, ikakauka imesimama. Hakuna aliyeipiga shoka.

"Wanaomaliza mikoko ni wanavijiji." Hapa pana nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewaumiza watu. Ndiyo, kuna wakataji wa kuni, na kuna mashamba ya mpunga yaliyoingia ndani ya msitu kule Rufiji. Lakini kwa karne nyingi boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, na vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Wakataji wa zamani walizijua kwa majina ya unene wake, fito, pau, boriti, nguzo, na mtu anayeujua mti kiasi hicho ni mlinzi mzuri akipewa nafasi. Gazi na Makongeni wameonyesha hivyo. Tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, vijiji hivyo vinalinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayotunzwa na msitu wao, na pesa zimeingia kwenye maji ya bomba na shule.

Wengine husema mikoko huzuia tsunami. Msitu mpana hupunguza nguvu ya mawimbi ya kawaida na ya dhoruba, hilo halina ubishi. Lakini wimbi kama lile la Desemba 2004 liling'oa mikoko yenyewe kule Aceh, Indonesia. Tusiwaahidi watu ukuta ambao haupo.

Sasa nije kwenye dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu imebeba nia njema: "Pwani ikiwa tupu, panda mikoko." Nilishawahi kupanda hivyo. Tulikuwa wengi, tumevaa fulana za rangi moja, tukachomeka vijiti vya mkoko kwenye tope lililo wazi upande wa baharini, mistari imenyooka vizuri, picha zikapigwa. Miezi michache baadaye nilirudi siku ya bamvua. Vijiti vilivyosalia vilikuwa vimegandwa na vigamba vigumu kama vile vinavyoota chini ya mtumbwi, vimeinama, na asilimia kubwa havikuwepo kabisa.

Kosa lilikuwa la mahali na la mti. Kila mti una daraja lake. Mbele kabisa, penye kufunikwa na maji saa nyingi, ni pa mlilana. Mkoko hufuata nyuma, kisha msinzi na mkandaa, na mchu huweza ile chumvi kali ya upande wa nchi kavu. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa kuwa mbegu yake huota ingali mtini, ndefu kama kijiti, unaokota na kuchomeka, huhitaji kitalu. Urahisi wa kupanda ukageuka sababu ya kupanda. Na tope tupu mara nyingi liko tupu kwa sababu maji yake ni marefu mno, au ni uwanja wa kaa na wa ndege, nao wana haki ya kukaa pale.

Ndani zaidi, nyuma ya kijiji kilekile tulikopanda, palikuwa na kipande kilichokufa tangu njia ya maji ilipozibwa na tuta la barabara ya gari za mchanga. Wazee wawili na vijana wao walilikata lile tuta kwa majembe, maji ya kujaa yakaanza kuingia tena. Hawakupanda kitu. Masika yaliyofuata nilikuta miche ya mchu imesambaa bila mstari wowote, majani mawilimawili, mbegu zimeletwa na maji yenyewe.