Tuzo haziibwi kwenye bahasha

Kazi yangu ni kuhariri filamu za vijana hapa Malindi na kuwasaidia kujaza fomu za mashindano. Kila msimu wa tuzo ukipita, kuanzia Barani hadi Maweni neno ni lile lile: "Maalim, bahasha ilibadilishwa." Limenichosha. Linawafanya wachunguze mahali pasipo na kitu na kupaacha penye mchezo wenyewe.

Dhana: tuzo huibwa usiku wa sherehe, pale jukwaani

Ushahidi ninaoletewa ni Oscar ya Februari 2017. Waigizaji Warren Beatty na Faye Dunaway walitangaza kwamba filamu bora ni La La Land, watengenezaji wake wakapanda jukwaani na kuanza kushukuru, mara ikasemwa mshindi ni Moonlight. Sababu inajulikana. Kampuni ya uhasibu ya PwC ilikuwa na seti mbili za bahasha, moja kila upande wa jukwaa. Beatty alikabidhiwa ile ya akiba ya mwigizaji bora wa kike, kipengele kilichokwisha kutangazwa. Ndani mlikuwa na jina la Emma Stone na filamu aliyoigiza, La La Land. Beatty akasita, akampa Dunaway kadi, naye akasoma alichokiona. PwC ikaomba radhi. Huo ni uzembe. Mwenye njama haachi mshindi wa kweli arudishiwe haki yake dakika chache baadaye, dunia nzima ikitazama.

Mkitaka kuona tuzo zilizonuka kweli, someni habari za Golden Globe, tuzo za filamu na televisheni za Marekani. Mwaka 1982 Pia Zadora alishinda kama nyota mpya wa mwaka, akimpita Kathleen Turner. Ikajulikana kwamba mumewe, tajiri Meshulam Riklis, alikuwa amewasafirisha wapiga kura hadi Las Vegas na kuwakirimu. Madai ya kura kununuliwa yakazagaa, na televisheni ya CBS ikaacha kuonyesha sherehe hizo. Karibu miaka 40 baadaye, ni yale yale. Mwaka 2019 zaidi ya wanachama 30 wa chama cha waandishi wa habari wa kigeni kilichotoa tuzo hizo walipelekwa Ufaransa kutembelea upigaji wa tamthilia ya Emily in Paris, wakalazwa siku mbili katika hoteli ya kifahari. Tamthilia hiyo ikapata nafasi mbili za kuwania. Februari 2021 gazeti la Los Angeles Times likafichua pia kwamba kati ya wanachama 87 hapakuwa na Mweusi hata mmoja.

Katika visa vyote viwili lalamiko halikuwa juu ya bahasha. Lilikuwa juu ya mpiga kura: nani kamlipia tiketi, kalala hoteli ya nani, na nani alimwingiza katika chama. Mambo hayo humalizika miezi kabla ya zulia jekundu kutandikwa.

Ndiyo maana nawasumbua vijana wangu kuhusu kanuni. Juzi mmoja alinionyesha fomu kwenye simu: ada ya kulipa kwa M-Pesa imeandikwa kwa herufi kubwa, na chini kabisa mstari mmoja, "uamuzi wa majaji ni wa mwisho." Majaji ni kina nani? Hakuna jina. Nani kawateua? Kimya. Mdhamini ana filamu yake inayowania? Kimya pia. Nikamwambia asitume hata shilingi. Akiisha kulipa kisha akashindwa, atakuja kuniambia habari za bahasha.

Dhana: mwenye kura nyingi za mashabiki akikosa, kaibiwa

Inategemea kipengele. Tuzo za Africa Magic, za filamu na televisheni za Afrika, zilizoanza 2013, zina vipengele vya kura za watazamaji na vingine vya majaji peke yao. Mtu anahimiza mtaa mzima upige kura kabla hajaangalia kipengele chake kiko upande gani! Angalieni kwanza.

Dhana: filamu ya Kenya iitwayo Rafiki ilinyang'anywa nafasi yake ya Oscar

Filamu hiyo, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, ilikuwa imepigwa marufuku; Septemba 2018 mahakama iliondoa marufuku hiyo kwa siku 7, ionyeshwe hapa nchini ili iweze kufikiriwa. Kufikiriwa si kuteuliwa. Katika tuzo ile ya filamu za kigeni kila nchi ilipeleka filamu moja, na kamati ya Kenya ikachagua Supa Modo. Marufuku yenyewe ina ubishi wake, lakini huo ni mjadala mwingine.

Dhana: watu hupiga kelele wiki moja, kisha hakuna kinachobadilika

Hii ndiyo inayowavunja moyo bure. Baada ya ule ufichuzi wa 2021, televisheni ya NBC ilikataa kuonyesha Golden Globe za 2022, na Tom Cruise akarudisha tuzo zake tatu. Mwaka 2023 chama chenyewe kikavunjwa na tuzo zikauzwa. Huko Korea Kusini, mwaka 2015, waandalizi wa tuzo za Grand Bell walitangaza kwamba asiyehudhuria hapewi tuzo. Wote tisa waliowania uigizaji bora hawakutokea.

Basi mkiwa na lalamiko, njooni na karatasi. Siku mnayowasilisha filamu, zipigeni picha kanuni zote, ukurasa baada ya ukurasa, tarehe ionekane, na risiti ya ada muihifadhi. Kanuni zikibadilishwa katikati ya mashindano, hapo tutakuwa na la kuwauliza waandalizi.