Kuongeza RAM mashine ikiwa inatembea ni rahisi, kazi ipo kwenye kuitoa

Watu wakisikia habari za kuhamisha rasilimali ndani ya mashine inayotembea, yaani prosesa au RAM au kadi inatoka upande huu inaenda upande ule bila kuzima kitu, wote wanauliza swali moja, je kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji kinachogawa RAM na prosesa, itaiona RAM mpya? Itaiona bana, Linux inafanya hivyo miaka mingi sasa. Ila kuhamisha maana yake utoe huku ndo uweke kule, na kwenye kutoa ndiko kazi yote ilipo.

Prosesa ndo nyepesi kuliko zote. Unaandika `echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu5/online` na muda mfupi baadaye cpu5 haipo kazini tena. Kwa ndani kerneli imezipeleka kazi zilizokuwa kwenye foleni yake kwa prosesa nyingine, interapti (ishara za vifaa vinavyoiomba prosesa ihudumie) zimeelekezwa kwingine, taima nazo zimehama, basi. Cha kuangalia ni programu uliyoifunga iende kwenye cpu5 peke yake: kerneli haikatai kuitoa hiyo prosesa, inavunja tu ule mfungo na kuipeleka programu inakoruhusiwa, kwenye logi inaacha kamstari kamoja ambako hakuna anayekasoma, halafu baadaye mnaanza kuulizana mbona mambo yamekuwa mazito. Na kwenye mashine yenye soketi mbili, yaani matundu mawili ya prosesa na kila moja na RAM yake ya karibu, kumbuka kwamba kazi ikihamia soketi nyingine data yake haiifuati hapohapo, inabaki kwenye RAM ya soketi ya zamani mpaka kerneli yenyewe iamue kuisogeza au wewe uisogeze kwa `migratepages`.

Sasa RAM. Linux inaigawa kwa vipande, kwenye x86 kawaida ni MB 128 kila kimoja, kwenye mashine kubwa kinaweza kufika GB 2. Unakiambia kipande `echo offline > /sys/devices/system/memory/memory40/state` na hapo ndo kerneli inaanza jasho. Kwanza inakitenga, ili ukurasa wowote (kisehemu kidogo cha RAM, baiti 4096) ulio wazi ndani yake asipewe mtu mwingine. Halafu inapita ukurasa kwa ukurasa. Tuseme ukurasa ni wa databesi yako. Kerneli inatafuta ukurasa mtupu sehemu nyingine, inafuta anwani ya zamani kwenye jedwali la kurasa la programu (orodha inayotafsiri anwani za programu kuwa sehemu halisi za RAM) na kuweka alama kwamba huyu yuko njiani, inaziambia prosesa zote zisahau anwani waliyokuwa wameikariri, inanakili zile baiti, ndo inaandika anwani mpya. Databesi ikiugusa ukurasa katikati ya shughuli inasimamishwa kidogo, ikiamka inaendelea kama hakuna kilichotokea. Haijui hata kama imehamishwa, kwa sababu yenyewe siku zote inaona anwani pepe tu, ile ya kubuni inayopewa na kerneli, ile halisi ya kwenye RAM haijawahi kuiona.

Na hapo ndo utaelewa kwa nini kurasa za kerneli yenyewe hazihami. Kerneli inaiona RAM karibu yote kwa mpango wa moja kwa moja, anwani pepe ni anwani halisi ukiongeza namba fulani isiyobadilika. Ukihamisha data halisi, anwani pepe nayo inabadilika, na pointa (sehemu zilizoandika anwani hiyo) ziko maelfu kwa maelfu zimetapakaa kila mahali, nani atazitafuta? Kwa hiyo ukurasa mmoja tu wa kerneli ukijipenyeza kwenye kipande chako, MB 128 zote zimekwama.

Dawa yake ni kutenga mapema. Kuna eneo linaitwa ZONE_MOVABLE, kerneli inakatazwa kuweka vitu vyake visivyohama humo, unalipanga wakati wa kuwaka kwa `movablecore=` au unapoingiza RAM mpya kwa kuandika `online_movable`. Wazo lenyewe ni la zamani, kampuni ya Sun walishalifanya kwenye mfumo wao wa Solaris na zile mashine zao kama Enterprise 10000 ya 1997, kerneli ilifungiwa kwenye bodi chache ili nyingine ziweze kuchomolewa, na kama lazima uitoe bodi yenye kerneli basi mfumo mzima ulisimamishwa kidogo, yaliyomo yakanakiliwa bodi nyingine, kisha ukaachiwa uendelee. Mimi naona ule uamuzi wa kusimamisha kila kitu ulikuwa wa kiungwana kuliko kuzungushana.

Ila usipagawe ukafanya RAM karibu yote kuwa ya kuhama. Kerneli inahitaji ya kwake, hata rejista ya kurasa (daftari lake la hali ya kila ukurasa) peke yake inakula baiti 64 kwa kila ukurasa, yaani kama asilimia 1.6 ya RAM. RAM ya kuhama kwa ile ya kawaida, tatu kwa moja au nne kwa moja kwa kawaida ni sawa, ukizidisha utakuta programu zinauawa kwa kukosa memori wakati RAM tele iko wazi.

Kinachosumbua wengi siku hizi ni kadi ambazo mashine pepe (kompyuta ya programu inayotembea ndani ya mashine halisi) imekabidhiwa moja kwa moja kwa VFIO, njia ya Linux ya kumpa mgeni kifaa halisi. Kadi inaandika kwenye RAM yenyewe bila kupitia prosesa, kwa hiyo memori ya hiyo mashine pepe inapigiliwa msumari, hakuna kusogea. Kerneli ikijua kurasa zitapigiliwa muda mrefu inazitoa kwanza kwenye eneo la kuhama, na kama eneo la kawaida ni dogo mashine pepe haiwaki kabisa. Puto la memori, ile njia ya kuiomba mashine pepe irudishe RAM isiyoitumia, nalo hapo halikusaidii. Kama unataka kupunguza na kuongeza RAM ya mashine pepe bila presha, tumia virtio-mem, kifaa pepe cha kuongeza na kupunguza RAM, iliingia kwenye Linux 5.8 mwaka 2020, ila hata yenyewe inategemea eneo la kuhama ndani ya mashine pepe.

Mwisho, usiliamini faili la `removable` lililo kwenye folda ya kila kipande, linalodai kusema kama kinaweza kutolewa. Kwenye kerneli za sasa linajibu 1 kwa kila kipande ilimradi kerneli inajua kutoa RAM, halisemi chochote kuhusu kipande chenyewe. Andika `lsmem -o RANGE,STATE,ZONES`, ukiona Movable jaribu, ukiona Normal ni bahati nasibu. Na hiyo amri ya kutoa ianze na `timeout`, maana kukiwa na kurasa zilizopigiliwa kerneli inaweza kurudia na kurudia bila kukata tamaa, huku wewe umekodolea tu skrini.