Mbegu Iliyo Kwenye Chupa Haijahifadhiwa

Mgeni akifika kwenye rafu ya makumbusho ya kilimo, akaona chupa za mtama, ulezi, kunde na mahindi ya rangi, husema lilelile: "Afadhali hizi zimehifadhiwa." Hapana. Nyingi zimekufa tayari, na zilizobaki ziko njiani. Kinachohifadhi mbegu ni ile bustani ya nje, ambayo mgeni huyohuyo huipita bila kusimama.

Mbegu ni kitu hai, inapumua. Punguza unyevu wake kwa asilimia 1, umri wake unakaribia kuzidi mara mbili. Punguza joto kwa nyuzi 5, unazidi mara mbili tena. Rafu iliyo karibu na dirisha hufanya kinyume cha yote mawili. Kitunguu huishiwa nguvu ndani ya mwaka mmoja au miwili. Maharage huvumilia zaidi, lakini si milele.

Hapo mtu huleta habari ya kokwa ya mtende iliyochimbwa Masada, ngome ya kale huko Israeli, iliyopandwa mwaka 2005 ikaota baada ya miaka kama 2,000. Ni kweli iliota. Ilikuwa imelala jangwani, pakavu kabisa, na ni mbegu ngumu ya mti, usiipimie kunde. Hata ghala la mbegu za dunia la Svalbard, huko Norwe, lenye nyuzi 18 chini ya sifuri, halimalizi kazi. Vita vya Syria vilipoikata ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, na ghala lake la Aleppo, mwaka 2015 ilianza kutoa mbegu zake Svalbard na kwenda kuzipanda Lebanoni na Moroko ili ivune mpya.

Tuje bustanini. Maharage na ulezi hujichavusha. Tenganisha matuta, inatosha. Mahindi ndiyo shughuli. Chavua yake hubebwa na upepo, na vitabu vinataka angalau mita 200 kati ya aina na aina. Kwenye bustani ya robo eka, jirani akiwa amepanda mbegu ya dukani, mita hizo hazipo. Hata zikiwepo, upepo mkali huvusha chavua kidogo, na punje za rangi ngeni hujitokeza kwenye hindi.

Kwa hiyo funika. Kabla ndevu hazijachomoza, kivishe kihindi mfuko wa karatasi; wa plastiki hutoa jasho na kuozesha. Mbelewele, lile ua la juu ya bua, ikianza kumwaga chavua, ifunike nayo jioni. Asubuhi umande ukishakauka, itikise ndani ya mfuko wake, changanya chavua ya mimea mingi, inyunyize kwenye ndevu za mimea mingine, kisha funika tena haraka. Ukiacha ndevu wazi hata dakika chache wakati shamba la jirani linamwaga, umeharibu. Rudia siku mbili tatu, kwa sababu ndevu hazitoki zote kwa pamoja. Mbegu usiitoe kwenye mahindi matano yaliyokupendeza. Lenga mimea 100 au zaidi. Ikiwa michache, ndugu huzaana na ndugu, na kizazi cha tatu hivi utaona mabua yamedumaa.

Na ukifanya yote hayo, bado haibaki mbegu ileile. Ukichagua hindi lisilotobolewa na wadudu, au mmea uliowahi kukomaa, umeibadilisha. Mimi sioni kosa hapo, wakulima wamefanya hivyo siku zote. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika, yakavuka bahari baada ya 1492, na kila mahali yalikofika yakageuzwa yaendane na mvua ya pale. Kinachoniudhi ni lebo iliyoandikwa "mbegu ya asili" bila mwaka wa mavuno.

Kabla ya kufunga chupa, tia mbegu kiasi pamoja na chumvi kavu kwenye chupa nyingine ya kioo, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi kama asilimia 15. Anika tena kivulini. Kila mwaka viringisha mbegu 100 kwenye kitambaa kibichi kwa siku 7. Zikiota chini ya 85, mzigo ule uende shambani msimu huohuo.