Je, wajua? Tom Brady aliingia kwa nafasi ya fidia, na alipoondoka akaacha nyingine

Mwaka 2000, katika uchaguzi wa chipukizi wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, New England Patriots walimchukua kijana kutoka Chuo Kikuu cha Michigan katika nafasi ya 199. Alikuwa Tom Brady, kotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, na baadaye aliipa timu hiyo mataji sita ya Super Bowl. Kisa cha nafasi ya 199 kimesimuliwa hadi kimechakaa. Kisichosimuliwa sana ni kwamba nafasi yenyewe haikuwa ya kawaida: ilikuwa nafasi ya fidia, ambayo ligi huipa timu iliyopoteza wachezaji waliomaliza mikataba yao. Mwezi Machi 2020 Brady naye alimaliza mkataba akahamia Tampa Bay Buccaneers kwa miaka miwili na dola milioni 50, na mwaka uliofuata Patriots wakapewa nafasi ya fidia mwishoni mwa raundi ya tatu, ya 96 kwa hesabu ya jumla. Wapo watu waliokuwa wameitabiri nafasi hiyo ya pili miezi mingi kabla ligi haijaitangaza, na swali la makala haya ni jinsi walivyoweza.

Usuli unatosha kwa maneno machache. Kila Aprili timu 32 huchagua wanafunzi wa vyuo kwa zamu, katika raundi saba, timu dhaifu zikitangulia. Wenyewe huuita uchaguzi huo drafti, jina ambalo kwetu limeshakaliwa na mchezo wa vizibo vya soda barazani, kwa hiyo nitaliweka kando. Mwaka 1993 wachezaji walipata uhuru mpana wa kuhama mikataba yao inapokwisha, na kuanzia 1994 ligi ikaanza kutoa nafasi za fidia ili kuzipoza timu zinazoachwa. Kwa kawaida hutolewa nafasi 32 kwa mwaka, kati ya raundi ya tatu na ya saba, na timu moja haiwezi kupata zaidi ya nne.

Nilipokutana na jambo hili kwa mara ya kwanza nililielewa vibaya, na kosa langu lilitokana na soka. Katika soka tumezoea kwamba klabu inayomchukua mchezaji ndiyo inayotoa kitu: ada ya uhamisho, au fidia ya mafunzo kwa klabu zilizomlea kijana. Nikadhani, basi, kwamba Tampa Bay walimchukua Brady na kwa hiyo Tampa Bay ndio waliokatwa nafasi yao ikapelekwa New England. Sivyo hata kidogo. Tampa Bay hawakutoa chochote zaidi ya mshahara. Nafasi ya fidia haitoki mfukoni mwa timu yoyote. Ligi huiumba na kuichomeka mwishoni mwa raundi, na wote wanaochagua baada yake wanasogezwa nyuma hatua moja. Namba 199 yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2000 ligi ilikuwa na timu 31, na raundi sita za timu 31 ni nafasi 186. Brady alichukuliwa katika raundi ya sita, lakini kwa namba inayozidi 186, kwa sababu nafasi za ziada zilikuwa zimeshapachikwa mwishoni mwa raundi kuanzia ya tatu.

Kosa la pili lilikuwa kudhani kwamba fidia hupima ubora wa aliyeondoka. Hapa nilikuwa na kisingizio, kwa sababu neno lenyewe, fidia, linamfanya mtu afikirie thamani ya kilichopotea. Lakini kinachopimwa kwanza ni mkataba mpya, yaani wastani wa malipo yake kwa mwaka. Muda ambao mchezaji anakuwa uwanjani katika timu mpya huongeza au kupunguza kidogo, na tuzo za mwisho wa msimu huongeza kidogo zaidi. Mahiri aliyekubali malipo madogo huhesabiwa mdogo. Wa kawaida aliyebahatika kupata mwajiri mkarimu huhesabiwa mkubwa. Juu yake kuna dari: hata uondokewe na nani, hupati kitu kilicho juu ya mwisho wa raundi ya tatu. Kirk Cousins alipoondoka Washington mwaka 2018 kwenda Minnesota kwa miaka mitatu na dola milioni 84, zote zikiwa na dhamana, Washington walipata nafasi ya raundi ya tatu na si zaidi. Wachezaji wenye misimu kumi au zaidi wana dari ya chini kuliko hiyo, raundi ya tano, isipokuwa makotabeki. Bila ya msamaha huo, Brady aliyekuwa na umri wa miaka 42 asingeiletea New England nafasi ya 96.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na ndilo linalowaponza watabiri wapya hadi leo. Nilidhani kila anayeondoka huleta fidia yake. Ukweli ni kwamba ligi haimfidii mtu mmoja mmoja. Inafunga hesabu ya mwaka mzima, waliotoka dhidi ya walioingia, na inafidia pengo tu.

Kwa kulielewa hili, namfikiria mwenye ghala la mtaani mwenye daftari la nafaka, anayepima kwa vipimo vya zamani: kibaba, kisaga chenye vibaba viwili, na pishi yenye vibaba vinne. Tuseme mwaka huu vimetoka ghalani pishi moja, visaga viwili na kibaba kimoja. Vimeingia kisaga kimoja na kibaba kimoja. Mwenye ghala hajumlishi uzito. Anachukua kila kilichoingia na kukitafutia mwenzake wa kipimo kilekile upande wa vilivyotoka, kisha anavifuta vyote viwili kwa kalamu moja. Kisaga kinafuta kisaga, kibaba kinafuta kibaba. Vinabaki pishi moja na kisaga kimoja ambavyo havijafutwa, na hivyo ndivyo vinavyolipwa. Kila kipimo ni mchezaji, na ukubwa wake ni raundi ambayo mkataba wake mpya unamweka.

Iwapo kilichoingia hakina mwenzake, kinatafuta kilicho kidogo kuliko chenyewe: kisaga kinachokosa kisaga kinakifuta kibaba. Hapo mwenye ghala anafurahi, maana kimefutwa kitu duni na pishi yake imesalimika. Lakini ikiwa hakuna kilicho sawa wala kilicho kidogo, kinapanda juu. Kama ghalani kilitoka kitu kimoja tu, pishi, na kikaingia kitu kimoja tu, kibaba, kibaba hicho kinaifuta pishi nzima. Kilichoondoka ni kimoja, kilichokuja ni kimoja. Mwenye ghala ataambulia, pengine, nafasi ya kufutia machozi kwenye mkia kabisa wa raundi ya saba. Nakiri kwamba sheria hii inanifurahisha kuliko inavyostahili, kwa sababu ina maana kwamba mchezaji wa akiba aliyesajiliwa kwa malipo ya wastani anaweza kuigharimu timu nafasi ya raundi ya tatu bila yeye mwenyewe kujua.

Ndiyo maana swali la nani hasa anaandikwa katika daftari ni zito kuliko swali la nani ni hodari. Huandikwa yule tu ambaye mkataba wake umekwisha. Aliyevunjiwa mkataba na timu yake haandikwi, wala upande wa kutoka wala wa kuingia. Vilevile haandikwi anayesaini baada ya tarehe ya ukomo, ambayo siku hizi ni Jumatatu inayofuata uchaguzi wa chipukizi. Patriots walipompoteza Brady walimleta Cam Newton, aliyewahi kuwa mchezaji bora wa ligi, lakini Newton alikuwa ameachwa na Carolina Panthers mwezi Machi, na alijiunga na New England Julai. Milango yote miwili ya daftari ilikuwa imefungwa alipopita, kwa hiyo kotabeki alitoka, kotabeki akaingia, na pishi ikabaki haijafutwa. Baltimore Ravens, ambao wamekusanya zaidi ya nafasi 50 za namna hii tangu waanze kucheza mwaka 1996, wanajulikana kwa subira hiyo: wanaacha wachezaji wao wakalipwe kwingine, kisha wanajazia kwa walioachwa na kwa wale wanaosaini baada ya ukomo.

Sasa utabiri unaonekana kuwa kazi ya mhasibu zaidi kuliko ya mpiga ramli. Kwa miaka mingi ligi haikutangaza kanuni yake kwa ukamilifu, ila ilitangaza orodha ya washindi kila mwaka, na orodha hizo ndizo zilizowafundisha watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwandishi aliyejulikana kwa jina la AdamJT13 alizilinganisha na mishahara hadi muundo wake ukaanza kuonekana. Baadaye Nick Korte wa Over The Cap, tovuti inayofuatilia mishahara ya NFL, akaiendeleza kazi hiyo kwa utaratibu wa kudumu. Wanawapanga wachezaji wote wa ligi kwa malipo, kama wanafunzi wanavyopangwa kwa matokeo ya mtihani, kisha wanaangalia nani ameangukia tabaka lipi: walio kileleni kabisa ni raundi ya tatu, wanaofuata ni ya nne, na kuendelea kushuka. Baada ya hapo wanafungua daftari na kufuta.

Makosa hutokea mipakani. Kwa kuwa kinachohesabika ni nafasi katika foleni na si kiasi cha fedha, mchezaji aliyesimama kwenye mpaka wa raundi ya nne na ya tano anaweza kushuka kwa sababu tu wengine wamelipwa zaidi yake, au kwa sababu goti lilimweka nje nusu ya msimu. Malipo yanayoripotiwa magazetini nayo mara nyingi yana chumvi, kwa kuwa mawakala hupenda kutangaza kiwango cha juu kinachowezekana, ilhali ligi inahesabu kwa namna yake. Mmoja akivuka mpaka, ufutaji wote wa timu yake hubadilika, na pengine wa timu aliyohamia pia. Tangu mwishoni mwa 2020 kuna nafasi nyingine za raundi ya tatu zinazotolewa nje ya kanuni hii, kwa timu ambayo mtumishi wake kutoka jamii za wachache ameajiriwa kwingine kuwa kocha mkuu au meneja mkuu. Hizo hazihitaji daftari, zinahitaji kusoma habari tu.

Namba 96 ya New England nayo ina kituko chake. Raundi tatu za timu 32 ni nafasi 96 kamili, kwa hiyo fidia ya kwanza ya mwaka 2021 ingepaswa kuwa ya 97. Ilisogea mbele hatua moja kwa sababu timu moja ilikuwa imenyang'anywa nafasi yake ya kawaida ya raundi ya tatu, baada ya wapiga picha wake kurekodi isivyoruhusiwa benchi la Cincinnati Bengals Desemba 2019. Timu hiyo ilikuwa New England Patriots.